Betri ya Gari na Redio ya Bibi

Katika likizo ya mwezi wa Aprili mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alinijia barazani na ombi. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na ruta, yaani kile kijisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kilikuwa kimelala. Alikuwa ameona nyuma ya kijisanduku hicho kumeandikwa volti 12, na ubavuni mwa betri ya gari langu kuukuu kumeandikwa volti 12 vilevile. "Babu," akasema, "kumi na mbili na kumi na mbili si sawasawa? Nipe vipande viwili vya waya tu, nami nitakuonyesha."

Hesabu yake haikuwa mbaya. Ilikuwa bora kuliko hesabu niliyoifanya mimi nilipokuwa na umri wake. Walakini sikumpa nyaya. Nilimwambia aketi, nikamsimulia habari ya redio ya bibi yangu. Na kwa kuwa naona vijana wengi siku hizi wana haja kama yake, nimeona vema kuiandika habari hiyo.

Nililelewa kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki, katika kijiji ambacho umeme ulikuwa haujafika. Nilikaa na bibi, mzaa mama, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Mjomba wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa akifanya kazi Nairobi, na alipanga chumba Eastleigh karibu na kambi ya jeshi la anga. Katika mwaka wa 1979 alikuja likizo akamletea mama yake redio ya transista, iliyotumia mawe manne makubwa. Kila jiwe lilikuwa na volti moja na nusu, kwa hiyo yote manne yakipangwa mstari mmoja yalitoa volti 6.

Bibi aliipenda redio ile kwa namna yake. Alisikiliza taarabu akisuka ukili. Alisikiliza matangazo ya vifo mkono u shavuni, hata vikiwa vya watu wa Kakamega na Meru asiowajua. Na ilipofika saa ya taarifa ya habari aliinyamazisha nyumba nzima. Hakusema sababu, lakini niliijua. Habari zilitoka Nairobi, na mwanawe alikuwa Nairobi.

Shida ilikuwa mawe. Yalikwisha kwa majuma machache, na bei ya manne ilikuwa kazi ya siku kadha za kusuka mikeka. Yalipochoka bibi aliyaanika juani juu ya banda la kuku, yakarudisha nguvu kidogo, redio ikasema jioni moja au mbili zaidi kwa sauti ya mgonjwa, kisha ikanyamaza. Yakipita majuma mawili bila fedha ya mawe mapya, nyumba ilikuwa kimya.

Mwaka wa 1982 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Dereva mmoja jirani yetu alikuwa na betri ya gari iliyochoka. Haikuweza tena kuamsha injini asubuhi, lakini haikuwa imekufa. Jambo hili huwashangaza wengi, nalo si la kushangaza. Kuamsha injini ni kazi ya nguvu nyingi kwa muda mfupi: mota huvuta ampea 100 na zaidi kwa nukta chache. Redio ndogo huvuta chini ya ampea 0.1. Betri iliyoshindwa na kazi ya kwanza yaweza kuifanya ya pili kwa miezi. Dereva aliiuza kwa mkeka mmoja na shilingi chache, nami nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaipeleka Malindi kuchajiwa katika kituo cha petroli.

Niliilaza ubavu njiani, kwa kutojua. Sikuona kitu siku ile. Suruali yangu ya shule ilipofuliwa, matone ya asidi yaliyoiangukia yakawa matundu, mengine makubwa ya kupitisha kidole. Bibi alimwaga magadi mahali pale sakafuni ilipovuja, pakachemka povu, akasema kwamba kinachokula kaki kitakula na ngozi. Alisema kweli. Asidi ya betri ikigusa mwili dawa yake ni maji mengi, mara moja, na kwa muda mrefu. Ikiingia jichoni, maji hayohayo na safari ya hospitali. Magadi ni ya sakafu tu.

Basi nikawa na betri ya volti 12 na redio ya volti 6. Nilijua kwamba haviwezi kuunganishwa hivihivi, na ujuzi huo mdogo ndio uliokuwa kiburi changu. Tulikuwa tumefundishwa darasani kanuni ya Georg Ohm, aliyoitangaza mwaka wa 1827: volti ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Niliazima ameta ya maabara, nikaifungulia redio sauti ya juu ili sindano ionekane vizuri, nikapata ampea 0.1. Nikasema: nataka kupunguza volti 6, gawa 6 kwa 0.1, jibu ni omu 60. Na omu 60 nilikuwa nazo, kwani nilikuwa nimeokota pasi mbovu ya umeme ya wati 1000, na waya wa joto ulio ndani ya pasi ya namna hiyo, kwa umeme wa volti 240, una ukinzani wa omu 58 hivi. Mwanafunzi anayetaka aweza kuhakikisha mwenyewe. Niliuona mpango wangu kuwa mzuri mno.

Jumatano ya mwisho ya Julai, alasiri, niliunganisha. Redio iliimba kwa nguvu kuliko siku zote. Majirani walikuja. Bibi alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau, macho ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya mikeka asiyolazimika kuisuka tena. Tukasikiliza hata jua likachwa. Ndipo muadhini alipoadhini magharibi, na bibi, kwa heshima ya adhana, akanyosha mkono akapunguza sauti.

Redio ililia mlio mmoja, pa! kama mbegu ya mbuyu motoni. Moshi mwembamba ukatoka nyuma yake, na harufu mbaya.

Sikufahamu kilichotokea. Ilikuwa imekaa saa mbili na nusu kwa usalama, kisha ikafa kwa kupunguzwa sauti! Nilifahamu baadaye, na nitaeleza hapa ili msomaji asipotee kama mimi. Ampea 0.1 niliyoipima ilikuwa ya redio inayopiga kelele. Redio ikinong'ona huvuta labda ampea 0.02. Sasa zidisha omu 60 kwa 0.02: waya wangu wa pasi ulipunguza volti 1 na kidogo tu, na zaidi ya volti 10 zilizosalia zikaingia katika redio ya volti 6. Kikinza hakipunguzi volti kwa kipimo kimoja, bali kwa kadiri ya mkondo unaopita. Kanuni ya Ohm niliikariri bila kosa, lakini sikuisikiliza.

Siku nne baadaye ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti, 1982. Asubuhi ile baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Waliteka kituo cha Sauti ya Kenya mjini Nairobi, na redio zote nchini zikatangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Kabla ya siku kwisha kituo kilikuwa kimekombolewa na jaribio limeshindwa. Lakini sisi hatukusikia la mwanzo wala la mwisho. Bibi alipata habari dukani, nusu nusu, kwa watu waliosikia nusu nusu. Na jina moja alilolisikia wazi ni Eastleigh.

Alirudi nyumbani akaketi mbele ya redio iliyokufa. Hakunigombeza. Ningaliona afadhali angalinigombeza. Siku zilizofuata alikwenda dukani asubuhi na jioni, akasimama nje kusikiliza redio ya watu, mwanamke wa umri ule, miguu imejaa vumbi. Barua ya mjomba ilifika siku ya kumi na mbili. Alikuwa salama, alikuwa amelala siku mbili chini ya kitanda. Bibi alinitaka niisome mara tatu, kisha akaikunja akaiweka ndani ya kasha, akasema, "Sasa kaitengeneze."

Nilikwenda Malindi kwa fundi mmoja wa redio aliyekuwa na meza chini ya ngazi za jengo, karibu na soko. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata habari ya pasi. Alifungua redio akanionyesha: kapasita moja imefura na kupasuka kichwani, na transista mbili za kutoa sauti zimeungua. Hakucheka. Aliuliza tu, "Nani alikwambia redio hula kiasi kilekile kila saa? Wewe mwenyewe hula hivyo?" Sikuwa na fedha za kutosha, tukapatana kwamba nitamfanyia kazi kila Jumamosi mpaka deni liishe. Deni lilikwisha mwezi wa Septemba. Niliendelea kwenda mpaka mwisho wa mwaka.

Fundi huyo alikuwa na kovu la mviringo katika kidole cha pete. Alipokuwa kijana alikuwa akifungua nati ya ncha chanya ya betri ndani ya gari. Spana ilikuwa katika nati, na pete yake ya dhahabu ikawa katikati ya spana na bati la gari. Betri za magari mengi hufungwa ncha hasi katika bati, kwa hiyo bati zima la gari ni kama ncha hasi. Pete ikawa nyekundu kidoleni kabla hajawahi kuuondoa mkono. Tangu siku ile hakuvaa pete wala saa ya chuma kazini, na alifungua ncha hasi kwanza na kuifunga mwisho. Maana ncha hasi ikiwa imeondolewa, spana ya ncha chanya ikigusa bati hakuna kitu.

"Watu huiogopa stima ya ukutani," alisema, "na wafanya vema, kwa kuwa inaua. Hii ukiishika kwa mkono mkavu huisikii, ndiyo maana huidharau. Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Kisha akachukua uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka ndani ya waya, akaushika kwa koleo, akaziunganisha ncha mbili za betri. Palikuwa na mmweko, na uzi haukuwapo tena. Sikuona ulikokwenda. "Betri haijui kwamba umeifungia redio," akasema. "Inajua njia tu. Njia ikiwa nyembamba, hutoa kidogo. Ikiwa wazi, hutoa yote iliyo nayo."

Maneno hayo nimeyasikia kichwani maisha yangu yote. Tunapofunga kitu kidogo katika betri ya gari tunapumbazwa na udogo wa kitu. Tunasema: redio hii inavuta ampea 0.1, kuna hatari gani? Lakini mkondo mdogo ni habari ya redio. Hatari ni habari ya betri, ambayo ncha zake zikigusana huweza kutoa mamia ya ampea, na waya ulio kati yao ndio utakaolipa.

Kwa ajili ya volti alinifungia kidude cha miguu mitatu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, namba yake 7806. Mguu mmoja hupokea umeme wa betri, wa pili hufungwa katika ncha hasi, na wa tatu hutoa volti 6. Tofauti yake na waya wangu wa pasi ni kwamba chenyewe hukaa macho. Redio ikipiga kelele au ikinong'ona, betri ikiwa na volti 12.6 au 11, kinachotoka ni volti 6, maadamu kinachoingia hakikupungua volti 8 hivi. Ziada huigeuza kuwa joto, na kwa redio ndogo joto hilo si kitu. Kwa kifaa kikubwa kidude hufungwa katika kipande cha bati ili kipoe.

Mwisho akanipa fyuzi ya ampea 1 na kikombe chake. Alishika waya shubiri moja kutoka ncha chanya ya betri, akasema, "Ikae hapa." Nikaitikia, naam fundi.

Haikukaa hapo. Nilipofika nyumbani niliona kikombe kile kinaning'inia kibaya, tena nikajiambia: fyuzi ni ya kuilinda redio, mlinzi akae karibu na anayelindwa. Nikaifunga ndani ya sanduku la redio, safi kabisa. Betri niliiweka chumbani pembeni, waya wa nyuzi mbili ukapita chini ya jamvi urefu wa mita tatu mpaka mezani, karibu na kasha la bibi. Redio ikasema. Bibi akairudia taarabu yake na vifo vyake, na alipunguza sauti kila adhana bila dhara lolote.

Siku moja ya Oktoba nilikuwa uani nikiosha baiskeli, na bibi ndani akifagia. Alilivuta kasha ili afagie nyuma yake, na mguu wa kasha, uliokuwa na msumari, ukaukata waya chini ya jamvi, nyuzi mbili zikagusana. Nilisikia akiniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Niliingia nikakuta jamvi lina mstari mweusi wa moshi kutoka pembe hadi pembe, kama nyoka anayeungua, na ndimi ndogo za moto zimeanza. Ukuta wa nyumba yetu ulikuwa mfupi. Makuti ya pembeni ungeweza kuyagusa kwa mkono. Niliushika waya kwenye betri nikauvuta, ukang'oka pamoja na ngozi ya kiganja changu. Bibi alimwaga mtungi mzima wa maji juu ya jamvi, kisha mwingine.

Tazama hesabu yake. Mita tatu kwenda na tatu kurudi za waya ule mwembamba zilikuwa na ukinzani wa sehemu moja ya tano ya omu tu. Gawa volti 12 kwa 0.2, utapata ampea 60, katika waya uliofaa kubeba 3. Betri yetu ilikuwa imechoka, na yamkini haikutoa 60 kamili. Lakini hata nusu yake yatosha. Ampea 60 kwa volti 12 ni wati 720: si mbali na joto la pasi niliyoitoa waya, limetandazwa chini ya jamvi katika nyumba ya makuti.

Moshi ulipokwisha, na kiganja changu kimefungwa kitambaa cha kanga, nilifungua redio. Fyuzi ilikuwa nzima, inang'aa.

Bibi akaitazama. "Huyu ndiye yule mlinzi uliyenisimulia?"

"Ndiye, bibi."

"Alikuwa wapi?"

"Ndani ya redio."

"Na moto ulianzia wapi?"

Nikanyamaza. Bibi hakusoma shule hata siku moja, wala hakuijua ampea; lakini aliyajua majumba na milango. "Basi, mwanangu," akasema, "umemlaza mlinzi chumbani, na mlango umeuacha wazi."

Ndivyo ilivyo. Fyuzi huona tu mkondo unaopita ndani yake. Nyaya zilipogusana katikati ya njia, mkondo mkubwa ulitoka betrini ukarudi betrini, wala haukufika kwenye redio. Fyuzi haikujua kuna jambo. Kinacholindwa na fyuzi kwanza ni waya, si kifaa. Kwa hiyo mahali pake ni karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na kipimo chake ni kile ambacho waya waweza kukibeba bila kupata moto, au chini ya hapo. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi, na lazima uwe mfupi. Fundi aliyaonyesha haya yote kwa shubiri moja ya mkono wake, nami nikaona najua zaidi.

Sikuthubutu kumficha. Jumamosi nilimwonyesha kiganja. Aliniambia nikae, akaninunulia chai, na hatukufanya kazi saa nzima.

Tangu hapo bibi alitoa amri kwamba betri isilale ndani tena, na amri yake ilikuwa ya hekima kuliko alivyojua. Betri ya namna hii, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, kabla ya magari ya petroli kuwako duniani, ni vyumba sita vya risasi na asidi, kila kimoja volti 2.1 hivi. Inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa, hutoa hewa ya haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, nayo ikichanganyika na hewa ya kawaida hata asilimia 4 tu yaweza kulipuka kwa cheche moja. Na chumbani mwetu palikuwa na koroboi. Basi nilitengeneza sanduku la mbao lenye matundu, nikaliweka barazani, waya ukapita ukutani ndani ya kipande cha mwanzi, mbali na miguu ya kasha. Fyuzi ilikaa shubiri moja kutoka ncha chanya. Ilining'inia, na ilikuwa mbaya kutazama.

Kuhusu muda wa betri kudumu, vijana huniuliza sana. Betri nzima ya ampea 45 kwa saa, redio ikivuta wastani wa ampea 0.05, kwa hesabu tupu ingeendelea saa 900. Lakini si halali kuinywa yote. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kwa ghafula na kujazwa papo hapo. Ikiachwa tupu, risasi yake hufanya ganda gumu na haipokei chaji tena. Ikipumzishwa na ikiwa imejaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imefika nusu, na hapo nilikuwa nikiifunga baiskelini, imesimama wima, kwenda Malindi. Yetu kuukuu ilikwenda kama miezi miwili kila safari.

Haya yote nilimweleza mjukuu wangu, na kwa hisani yake alisikiliza mpaka mwisho, ingawa alitazama simu yake mara mbili. Kisha tukarudi kwenye ruta yake. Kumi na mbili na kumi na mbili si sawasawa? Nilimpa mita. Betri ndani ya gari, injini imezimwa: 12.5. Nikaamsha injini: namba ilianguka chini ya 10 kwa nukta moja, kisha ikapanda mpaka 14.3, kwa kuwa altaneta lazima isukume zaidi ya betri ili kuijaza. "Sasa kumi na mbili iko wapi?" nikamwuliza. Na hizo ni namba za siku njema. Waya wa betri ukilegea wakati altaneta inachaji, volti huweza kuruka hata makumi kadha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mita ya mkononi haioni. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari vimetayarishwa kustahimili hayo. Kijisanduku cha nyumbani hakikuahidi kitu kama hicho. Kibandiko chake kinasema volti 12, basi kipewe 12.

Siku hizi kuna vidude bora kuliko 7806 ya fundi wangu. Kipo kinachopokea umeme wa betri ukipanda na kushuka, kikatoa volti 12 zisizotikisika, tena hakipotezi nguvu nyingi kwa joto. Cha simu hutoa volti 5, na huchomekwa katika tundu la kiberiti la gari. Huuzwa madukani. Walakini tundu lile la gari lina fyuzi ya ampea 10, hata 20, iliyowekwa kulinda nyaya nene za gari. Waya mwembamba utakaoufunga wewe hapo hauna habari nayo, na wataka fyuzi yake ndogo mwenyewe.

Tulinunua kidude cha volti 12, fyuzi ya ampea 2 na kikombe chake. Betri ya gari sikuitoa. Nilikuwa na nyingine ya akiba. Mjukuu alipima mara mbili ajue ni upande gani chanya wa plagi ya ruta, kwa kuwa ncha zikigeuzwa vifaa vingi havisamehe. Mchoro mdogo juu ya kibandiko huonyesha, na wengi hawautazami. Alivua saa yake bila kuambiwa. Alifunga chanya, kisha hasi. Kabla ya kuweka fyuzi mahali pake aliniuliza iwe umbali gani kutoka betrini, nami nikamwekea shubiri.

Taa za kijisanduku ziliwaka saa kumi na moja jioni. Umeme wa mtaani ulirudi saa tano usiku, wala hakuna aliyetambua, ila mimi niliyekuwa barazani karibu na betri.